Kuandika katika Wikipedia: nianzie wapi, na nizungumze vipi na wanaonitengua?

Swali: Ndugu mtaalamu, nimejiandikisha katika Wikipedia ya Kiswahili na tayari nimejikwaa mara mbili. Kwanza nilisahihisha mwaka uliokosewa katika makala moja, jambo ninalolijua kwa hakika, lakini mtu nisiyemfahamu akatengua sahihisho langu na kuandika maneno mawili tu: "Hakuna chanzo." Kisha niliandika makala kuhusu mwanzilishi wa taasisi ninayoifanyia kazi, sehemu yake nikiichukua kutoka tovuti yetu wenyewe, nayo ikafutwa siku hiyohiyo. Sitaki ugomvi na mtu. Naomba unieleze kanuni hizi zimekaaje, nizijifunze kwa utaratibu gani, na nizungumze vipi na watu hawa.

Jibu: Ndugu msomaji, yote mawili huwapata wageni wengi, na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba kuna mtu aliyekukusudia wewe binafsi. Ili uelewe kwa nini, ni lazima kwanza uzingatie jambo ambalo watu waliozoea magazeti, vitabu na ofisi huchelewa kuliona: Wikipedia haina mhariri mkuu. Hakuna mtu ambaye ukimpelekea hoja yako akaikubali basi shauri limekwisha, wala hakuna ambaye cheo chake kinatosha kuifanya sentensi ibaki mahali pake. Kanuni na adabu ambazo leo zinakuelemea ndizo zilizoshika nafasi ya mhariri huyo asiyekuwepo, na karibu zote zinatokana na swali moja: watu wasiojuana, wasioweza kuthibitishiana elimu wala nia, wataandikaje ukurasa mmoja bila kumalizana?

Mambo hayakuanza hivyo. Jimmy Wales na Larry Sanger walianza mwaka 2000 na mradi mwingine ulioitwa Nupedia, ambao makala zake zilipaswa kuandikwa na wataalamu na kupitia hatua saba za uhakiki kabla ya kutolewa. Kazi ikaenda kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 kama njia ya kando ya kupata rasimu kwa haraka, na njia hiyo ya kando ndiyo iliyodumu. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003, mwaka uleule ilipoundwa Wikimedia Foundation, taasisi isiyofanya biashara ambayo huendesha mitambo na kushughulikia mambo ya kisheria, lakini kwa kawaida haiamui kinachoandikwa ndani ya makala. Wanaoamua ni wachangiaji, kwa kujadiliana hadi wapatane, na kila toleo la lugha lina jumuiya yake, kanuni zake za ndani na wakabidhi wake, yaani wachangiaji waliochaguliwa na wenzao na kupewa uwezo wa kufuta kurasa, kuzilinda na kuwazuia watumiaji wakorofi. Mkabidhi si mkubwa wa makala. Panapojadiliwa ukweli wa sentensi, sauti yake ni ya mchangiaji mmoja kama yako.

Tuanze na ule mwaka ulioutengeneza. Aliyekutengua hakusema kwamba umekosea. Alisema kwamba hakuona mahali pa kuhakikishia. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wewe unajua kwamba unajua, lakini msomaji aliye mbali, ambaye hajui wewe ni nani, ana mwaka mmoja aliousoma jana na mwaka mwingine anaousoma leo, na hana namna ya kupima upi ni wa kweli. Kanuni ya uthibitisho inadai kwamba jambo lolote lililopingwa au linaloelekea kupingwa liambatane na chanzo kilichokwisha kuchapishwa, na mzigo wa kukileta chanzo hicho uko juu ya anayetaka jambo liingie, si juu ya anayeliondoa. Kwa hiyo ungeandika mwaka uleule na kuweka tanbihi ya kitabu, pamoja na jina la mwandishi, mchapishaji, mwaka na ukurasa, huenda sahihisho lako lingekuwepo hadi sasa.

Kanuni hii haibagui hata watu wakubwa. Mwaka 2012 mwandishi wa Marekani Philip Roth alitaka kuondoa maelezo ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu chimbuko la riwaya yake mwenyewe, akajibiwa kwamba neno la mwandishi peke yake halitoshi na kwamba panahitajika vyanzo vingine. Alikasirika, akaandika barua ya wazi iliyochapishwa katika jarida la The New Yorker. Na mara barua ile ilipochapishwa, ikawa chanzo kinachoweza kutajwa, na maelezo yake yakaingia katika makala. Wengi huicheka habari hii kama kichekesho cha urasimu. Mimi naona kwamba jibu alilopewa lilikuwa sahihi hata kama lilitolewa kikavu, kwa sababu mtu yeyote anaweza kufungua akaunti na kudai kuwa yeye ndiye mwandishi, na wanaojitolea kulinda makala hawana ofisi ya kukagua vitambulisho.

Chanzo kinachofaa ni kipi? Ni kile ambacho kati ya mwandishi na msomaji pamepita mtu mwingine wa kuhakiki: kitabu cha mchapishaji anayeeleweka, jarida la kitaaluma, gazeti lenye chumba cha habari na wahariri, ripoti ya taasisi ya utafiti. Maandishi ya mitandao ya kijamii, blogu za watu binafsi na kurasa ambazo yeyote anaweza kuzijaza havikubaliki isipokuwa kwa nadra, na Wikipedia yenyewe haiwezi kuwa chanzo cha Wikipedia, hata ukichukua makala ya lugha nyingine iliyoandikwa vizuri. Ujihadhari pia na mzunguko: mwandishi wa gazeti anachukua jambo kutoka Wikipedia bila kusema, kisha mchangiaji anachukua gazeti hilo na kuliweka kama uthibitisho wa jambo lilelile. Ukiona gazeti limetumia maneno yanayofanana mno na ya makala, linganisha tarehe ya gazeti na tarehe sentensi ilipoingia. Kichupo cha historia kilicho juu ya kila ukurasa kitakuonyesha.

Kuna dhana mbili potofu ambazo huwafunga wachangiaji wa Kiswahili bila sababu. Ya kwanza ni kudhani kwamba chanzo lazima kiwe na kiungo cha intaneti. Sivyo, kitabu kilicho rafuni mwa maktaba kinatosha, mradi uandike taarifa za kutosha ili mwingine akipate. Ya pili ni kudhani kwamba chanzo lazima kiwe cha Kiingereza, au kinyume chake, kwamba makala ya Kiswahili lazima iwe na vyanzo vya Kiswahili pekee. Lugha yoyote inakubaliwa. Kinachokatazwa ni kutaja kitabu ambacho hukukisoma, kwa kuwa tu umekikuta kwenye tanbihi za mwingine.

Sambamba na uthibitisho ipo kanuni inayokataza utafiti mpya. Mahojiano uliyoyafanya mwenyewe, hesabu ulizozikokotoa kutoka daftari la nyumbani, au hitimisho ulilolifikia kwa kuunganisha vitabu viwili ambavyo hakuna kati yavyo kinachosema hivyo, vyote hivyo havina mahali, hata vikiwa vya thamani. Hapa kuna udhaifu wa kweli ambao sitaki kuufunika. Jamii ambazo maarifa yake mengi yamehifadhiwa midomoni na si vitabuni hupunjwa na kanuni hii, na jambo hilo limejadiliwa sana miongoni mwa wachangiaji wenyewe bila kupata ufumbuzi unaoridhisha wote. Njia iliyopo ni ndefu lakini ipo: simulizi hizo zichapishwe kwanza mahali panapohakikiwa, kwenye jarida, kitabu au mradi wa kumbukumbu, ndipo kamusi elezo, kama ilivyo Wikipedia, izitaje. Kamusi elezo huja nyuma ya maarifa yaliyokwisha kutolewa, haiyatangulii.

Sasa makala iliyofutwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, ilikuwa na matatizo matatu kwa pamoja, na lolote kati ya hayo lingetosha kuiondoa.

La kwanza ni kama mtu huyo anastahili makala. Kipimo cha Wikipedia si wema, bidii wala manufaa ya mtu kwa jamii. Ni kama amekwisha kuandikwa kwa kirefu na vyanzo vya kuaminika visivyo na uhusiano naye. Neno "visivyo na uhusiano" ndilo linalowaangusha wengi. Tovuti ya taasisi yenu, jarida lenu la ndani, taarifa kwa vyombo vya habari na hotuba za maadhimisho vinaweza kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa, lakini haviwezi kuonyesha kwamba watu wa nje wamemtambua. Kipimo hiki huumiza wakati mwingine. Mwanafizikia wa Kanada Donna Strickland hakuwa na makala katika Wikipedia ya Kiingereza hadi siku ilipotangazwa kwamba amepata Tuzo ya Nobel, Oktoba 2018. Rasimu iliyopelekwa mapema mwaka huo ilikataliwa mwezi Mei kwa sababu vyanzo vilivyowekwa havikutosha kuonyesha umuhimu wake, na makala ya mwaka 2014 ilikuwa imefutwa kwa kuwa maneno yake yalinakiliwa kutoka kwingine. Kisa hicho kimetajwa mara nyingi kama ushahidi wa jinsi wanawake wa sayansi wanavyosahaulika, na ni kweli. Lakini kinaonyesha pia kwamba kukataliwa kwa rasimu ni uamuzi juu ya karatasi iliyowekwa mezani siku ile, wala si hukumu juu ya mtu. Rasimu ikirudi na vyanzo bora, mlango haujafungwa.

La pili ni uhusiano wako naye. Kumwandikia makala mwajiri, ndugu, rafiki au wewe mwenyewe hakupendelewi kabisa, si kwa kudhaniwa kwamba utasema uongo, bali kwa sababu ni vigumu kwa mtu kujua ameacha nini nje. Hata Jimmy Wales alikosolewa hadharani mwaka 2005 kwa kuhariri makala inayomhusu mwenyewe. Njia ya heshima ni kutangaza uhusiano wako kwenye ukurasa wako wa mtumiaji na kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, kisha kupendekeza maneno na vyanzo hapo, ukimwachia mwingine asiyehusika ayaingize. Na kama kuandika huko ni sehemu ya kazi unayolipwa, basi si suala la adabu tu: tangu mwaka 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia yanamlazimu anayelipwa kutaja mwajiri wake, mteja wake na uhusiano wowote unaohusika na malipo hayo. Watu wengi waliozuiwa kwa kosa hili wangesamehewa kwa urahisi laiti wangesema mapema.

Uhusiano huo huonekana kwanza kwenye lugha. Sijaisoma makala yako, lakini ninaweza kukisia kwamba ilikuwa na maneno kama "kiongozi shupavu", "aliyejitolea kwa moyo wote", "mchango wake hautasahaulika". Maneno haya yana mahali pake kwenye risala na kwenye tanzia. Kwenye kamusi elezo hayamwelezi mtu, kwa sababu yanaweza kusemwa juu ya yeyote. Badala ya kuandika kwamba aliinua elimu kwa kiwango kikubwa, andika alianzisha nini, mwaka gani, kwa fedha za nani, na nani ameandika kuhusu matokeo yake. Kama matokeo hayo yamekosolewa na vyanzo vya kuaminika, ukosoaji huo nao uwekwe kwa uzito unaolingana na wingi wake katika vyanzo. Msimamo wa kutoegemea upande haumaanishi kugawa nusu kwa nusu kati ya wanaojua na wanaobahatisha. Vilevile, vyeo vya heshima kama Mheshimiwa, Dokta au Marehemu kwa kawaida haviambatanishwi na jina kila linapotajwa. Najua kwamba masikioni mwa Mswahili kumtaja mzee kwa jina tupu huonekana ni utovu wa adabu. Hapa chukulia kwamba heshima imewekwa kwenye usahihi wa habari zake.

La tatu ni hakimiliki, na hapa hakuna nafasi ya kubembelezana. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY-SA, toleo la 4.0 tangu mwaka 2023, inayomruhusu mtu yeyote kuyanakili, kuyabadilisha na hata kuyauza, mradi ataje waandishi na atoe kazi yake kwa masharti yaleyale. Kila unapobofya kitufe cha kuchapisha unatoa ruhusa hiyo, na huwezi kutoa ruhusa juu ya kitu kisicho chako. Tovuti ya taasisi yenu ni mali ya taasisi, hata kama ni wewe uliyeandika kila neno lililomo. Jibu la mkurugenzi kwamba "tunaruhusu itumike Wikipedia" halisaidii, kwa kuwa ruhusa ya Wikipedia pekee hailingani na leseni. Mwenye haki hana budi kukubali kwa maandishi kwamba wengine wote nao wanaweza kutumia, ikiwemo kibiashara. Kubadilisha maneno mawili matatu katika kila sentensi nako hakuondoi kosa. Soma, funga ukurasa, andika kwa mpangilio wako, kisha taja ulikosoma. Picha nazo hufuata utaratibu huohuo: nyingi huhifadhiwa Wikimedia Commons, hazina iliyofunguliwa mwaka 2004, ambayo haipokei picha zilizokatazwa kwa biashara, wala picha uliyoipata kwa kutafuta tu mtandaoni.

Niongeze jambo moja kuhusu watu walio hai, kwa sababu mwanzilishi wenu huenda bado yupo. Mwaka 2005 mtu asiyejulikana aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler alishukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Uzushi huo ulikaa kwa muda wa takriban miezi minne kabla haujaondolewa. Tangu hapo kanuni kuhusu wasifu wa walio hai zimekazwa: neno lolote la kumchafua mtu lisilo na chanzo madhubuti huondolewa mara moja bila kusubiri mjadala, na mambo ya faragha kama anwani au habari za watoto huachwa nje hata yakiwa ya kweli.

Nimefika kwenye lile ulilouliza mwisho, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua nani atabaki na nani ataondoka: namna ya kuzungumza. Kutenguliwa si kofi. Kila toleo la ukurasa limehifadhiwa, hakuna kilichopotea, na mwendo unaotambuliwa na wengi ni huu: mtu anathubutu kubadilisha, mwingine akiona haifai anatengua, kisha wote wawili wanakwenda kwenye ukurasa wa majadiliano. Kosa hufanyika pale hatua ya tatu inaporukwa na mtu anarudisha alichokiandika, anatenguliwa tena, anarudisha tena. Hiyo ndiyo inayoitwa vita vya uhariri, na katika Wikipedia ya Kiingereza anayetengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa, hata kama yeye ndiye aliyekuwa na ukweli. Anayehesabu mara zake ili aishie ya tatu naye hajaokoka. Nia ya kushindana inatosha. Usistaajabu ukikuta watu wamegombania mambo madogo. Wakati mmoja wachangiaji wa Kiingereza walijadiliana kurasa kwa kurasa kama herufi moja kwenye jina la filamu iandikwe kubwa au ndogo.

Ukurasa wa majadiliano una taratibu zake chache. Fungua mada mpya yenye kichwa kinachoeleza jambo, si "Malalamiko" wala "Kwa nini mnanionea". Anayejibu huandika chini ya aliyemtangulia. Pale ambapo zana ya kujibu haiweki sahihi yenyewe, malizia kwa alama nne za wimbi (~~~~), nazo zitageuka kuwa jina lako na saa. Usifute wala kurekebisha maneno ya mwingine, hata makosa ya tahajia. Zungumza juu ya makala, usizungumze juu ya mtu: "sentensi hii haina chanzo" inajibika, "wewe huna elimu ya jambo hili" haijibiki. Kwa shauri lako la mwaka, ungeweza kuandika hivi: "Ndugu, nimeona umetengua badiliko langu la mwaka kwa kukosa chanzo. Nimekipata kitabu kinachoutaja, jina lake na ukurasa wake ni huu. Kilichomo sasa katika makala hakina tanbihi. Naomba maoni yako kabla sijarudisha." Ujumbe huo unatambua sababu ya mwenzako, unaleta kilichokosekana na unampa nafasi. Ukipita muda wa kutosha bila jibu, siku saba hivi katika toleo lenye wachangiaji wachache, rudisha badiliko pamoja na chanzo na uandike kwenye muhtasari wa hariri, yaani kile kisanduku cha kueleza kwa ufupi ulichobadilisha, kwamba umelieleza kwenye majadiliano.

Nimetumia neno Ndugu kwa makusudi. Nyuma ya jina la mtumiaji huwezi kujua kama yupo mzee au kijana, mwanamke au mwanamume, na anayeanza kwa "Kaka" au "Dada" mara nyingi hukosea. Heshima ya kawaida ya barua inatosha. Huna haja ya kujidhalilisha kwa kuomba radhi mara tano, na haifai kutanguliza shahada zako ili mwingine anyamaze. Mwaka 2007 iligundulika kwamba mchangiaji mmoja mashuhuri wa Wikipedia ya Kiingereza, aliyejulikana kwa jina la Essjay na aliyedai kuwa profesa wa dini, alikuwa kijana asiye na shahada hizo, na alikuwa amezitumia kujipa uzito katika mabishano. Ukiwa mtaalamu wa kweli, utaalamu wako utajionyesha kwa vyanzo unavyovifahamu ambavyo wengine hawavijui.

Wageni wengi huudhika zaidi na ubaridi wa ujumbe wanaoupata. Fahamu kwamba ujumbe mwingi ni kigezo kilichotayarishwa zamani. Aliyekubandikia amebofya mara moja, pengine akiwa anapitia mabadiliko ya karibuni kwa mamia. Ipo kanuni inayowataka wazoefu wasiwakaripie wageni, na ipo nyingine inayomtaka kila mmoja adhani nia njema kwa mwenzake. Nakiri kwamba ya kwanza huvunjwa mara kwa mara na watu waliochoka. Wewe itumie ya pili hata pale mwenzako ameisahau, isipokuwa ukitukanwa au kutishwa. Hapo usijibizane, mwarifu mkabidhi ukiweka viungo vya maneno yenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 2021 miradi yote ya Wikimedia ina kanuni moja ya maadili inayokataza unyanyasaji. Mkishindwa kuelewana kwa hoja, omba mchangiaji wa tatu atoe maoni kwenye ukurasa wa jumuiya. Usiwaite marafiki waje kukuunga mkono, na kamwe usifungue akaunti ya pili ili ujikubalie mwenyewe: hilo hugundulika, na anayebainika huzuiwa kwa kosa lisilo na utetezi.

Kuhusu utaratibu wa kujifunza, nakushauri usianze kwa kusoma kurasa za kanuni, ambazo ni nyingi kupita kiasi na nyingine zinapingana. Soma nguzo tano, ambazo ni fupi: kwamba hii ni kamusi elezo, kwamba haiegemei upande, kwamba yaliyomo ni huru, kwamba wachangiaji waheshimiane, na kwamba hakuna kanuni iliyokauka kama jiwe. Hiyo ya tano isikudanganye. Inawafaa wanaozijua kanuni vizuri kiasi cha kueleza kwa nini safari hii zinadhuru makala. Baada ya hapo chagua makala mbili tatu zilizowahi kuzozaniwa, usome historia na majadiliano yake kuanzia mwanzo. Humo utaona kanuni zikitumika, nani alishinda kwa hoja gani, na ni lugha gani ilituliza watu. Wiki za kwanza fanya kazi ndogo: sahihisha tahajia, ongeza tanbihi kwenye sentensi isiyo nayo, weka jamii inayokosekana (yaani kundi la mada ambamo makala huorodheshwa), na kila mara jaza muhtasari, hata kwa maneno matatu. Mchangiaji ambaye historia yake imejaa marekebisho hayo husomwa kwa jicho tofauti siku anapoleta makala mpya. Makala hiyo nayo iandae kwanza kwenye ukurasa wa majaribio ulio chini ya jina lako, ambako unaweza kukosea kwa raha. Baadhi ya matoleo yameweka masharti kabisa: katika Wikipedia ya Kiingereza, akaunti lazima iwe imetimiza siku nne na kufanya mabadiliko kumi kabla ya kuchapisha makala mpya moja kwa moja.

Limebaki suala la tafsiri, ambalo hukuuliza lakini utalikuta mapema, maana makala nyingi za Kiswahili huzaliwa kutoka lugha nyingine. Mwaka 2020 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, makala zaidi ya 20,000, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti, aliyekuwa akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja kwa nia njema na bila kuzuiwa na mtu kwa miaka. Toleo dogo halina macho ya kutosha ya kukusahihisha, kwa hiyo uangalifu wote unabaki kwako. Mashine ya kutafsiri na programu za akili unde zinaweza kukupa rasimu, lakini hutunga vyanzo visivyokuwepo na huandika Kiswahili chenye upatanisho uliovunjika. Agosti 2025 Wikipedia ya Kiingereza iliruhusu kurasa zilizozalishwa hivyo bila kuhakikiwa na binadamu zifutwe haraka bila mjadala. Tafsiri kile unachokielewa katika lugha zote mbili, fungua kila chanzo kabla ya kuihamisha tanbihi yake, na uache nje sentensi usiyoweza kuithibitisha hata kama ipo kwenye makala ya asili. Leseni inataka waandishi wa kwanza watambuliwe. Kwa hiyo katika muhtasari wa hariri ya kwanza taja lugha na jina la makala uliyoitafsiri, pamoja na kiungo chake, ndipo uchapishe.